Jinsi ya Kugeuza Wimbo wa Zilipendwa Kuwa wa Mashine Bila Kuupoteza: Mwongozo Kamili

Naletewa faili nyingi, na karibu zote zina ugonjwa mmoja. Mtu kachukua wimbo wa zamani, kaupitisha kwenye programu ya kutenganisha sauti, kabakiza vokali, yaani sauti ya mwimbaji, kaiwekea kiki nzito (ngoma kubwa ya chini) chini yake, kisha ananiandikia: "Kaka, mbona haikai?"

Haikai kwa sababu hujaugeuza wimbo. Umemvisha mzee koti la mjukuu wake, na mabega hayaenei.

Wengi wanakwama sehemu tatu zile zile. Sinthesaiza inagombana na wimbo kwenye kii, ule ufunguo wa sauti wimbo unaopigiwa. Mdundo unaanza vizuri, kufika dakika ya pili kila mtu yuko kwake. Na la tatu, ambalo ni baya kuliko yote: hakuna kilichovunjwa. Wimbo ni ule ule, umeongezewa kelele.

Historia ya muziki huu utaisoma kwingine, hapa tunafanya kazi. Mfano nitakaoutumia ni wimbo wa dansi wa bendi moja ya Dar es Salaam, wa mwishoni mwa miaka ya 1970. Jina silitaji kwa sababu ruhusa yake bado naifuatilia, na mwisho wa mwongozo utaona kwa nini naheshimu jambo hilo.

## Vifaa

Kusanya vyote kwanza. Ukianza kutafuta maiki katikati ya kazi, hamu itakuwa imeshapoa.

- Kompyuta yenye RAM ya GB 8. Ya GB 4 itafanya kazi, ila utakunywa chai nyingi ukiisubiri.
- Reaper, ya kurekodia na kupangia. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60.
- Audacity, ya kukata na kubadilisha kasi. Ni ya bure.
- Surge XT, sinthesaiza ya bure inayoingia ndani ya Reaper.
- Demucs, ya kutenganisha sauti. Nayo ni ya bure, na kazi yake hapa si ile unayoidhani.
- Maiki. Ya USB inatosha. Hata simu itakuvusha ukiiweka vizuri.
- Hedifoni za waya zinazofunika sikio. Za Bluetooth huchelewesha sauti. Ukirekodi nazo utaimba nyuma ya mdundo na utajilaumu bure.
- Programu ya simu ya kutuni gitaa, iwe ile inayoonyesha senti, vile vipimo vidogo vya sauti.
- Daftari na kalamu.
- Sufuria, mwiko, chupa ya soda, kibiriti, na kopo lenye punje za mchele.
- Mtu mmoja aliyeucheza wimbo huo ujanani. Huyu ni kifaa kama vingine, usimruke.

Tahadhari: kuna programu za majaribio zinazokuruhusu kuhifadhi kazi lakini hazikuruhusu kuifungua tena hadi ulipe. Kabla hujaweka jasho lako humo, hifadhi sauti moja, funga programu, fungua tena. Ikigoma, umejua mapema.

## Hatua ya 1: Chagua wimbo unaosimama bila ala

Uimbe ukiosha vyombo. Bila redio, bila kupiga meza. Ukibaki kuwa wimbo, unafaa.

Sababu ni hii: karibu kila kilichouzunguka utakiondoa. Kama uhai wake wote uko kwenye solo la gitaa, ukiliondoa solo umebaki na maneno yanayoelea. Nyimbo za dansi zenye kiitikio cha watu watatu wanaoimba kwa pamoja ndizo rahisi kuanza nazo, maana kiitikio hicho kimeshakaa vichwani mwa watu kama njia ya kwenda nyumbani.

Tahadhari: wimbo unaoupenda kupita yote usiuguse mara ya kwanza. Utauogopa, na mwoga hubaki anaongeza mwangwi tu.

Umefaulu ikiwa: mtu wa chumba cha pili anautambua kwa mluzi wako.

## Hatua ya 2: Chora ramani

Sikiliza mara tano, kila mara kwa sikio la kitu kimoja: mwimbaji, kisha besi, kisha gitaa la rizimu, kisha solo, mwisho ngoma na tumba. Andika dakika na sekunde. Ramani yangu ya wimbo wa mfano ilikuwa hivi:

0:00 solo linafungua.
0:18 beti mbili, mwimbaji mmoja.
1:40 kiitikio, sauti tatu.
2:15 ubeti wa tatu, kiitikio tena.
3:05 chemko. Ngoma zinapanda, mwimbaji anaanza kutaja majina ya wapigaji.

Hapa ndipo Demucs inapoingia. Itakupa faili nne: vokali, ngoma, besi, na kila kilichobaki. Zitumie kusikia tu. Gitaa la rizimu lililokuwa limejificha nyuma ya tarumbeta sasa utalishika nota kwa nota; liandike kwenye daftari.

Usizipandishe kwenye wimbo wako. Bendi nyingi za Dar es Salaam za miaka hiyo zilirekodi katika studio za Radio Tanzania, bendi nzima ikipiga pamoja mbele ya maiki chache. Solo limeingia kwenye maiki ya mwimbaji, mwimbaji kaingia kwenye maiki ya ngoma. Programu inapojaribu kuwatenga inaacha makovu: vokali inalia kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa la maji, na "s" zinachuruzika. Ukiisikia peke yake unavumilia. Ukiiweka juu ya sinthesaiza safi, kila kovu linaonekana.

Kwa hiyo vokali utaiimba upya, na vyombo utavitengeneza upya. Najua ulitarajia njia ya mkato. Haipo.

Umefaulu ikiwa: una ukurasa mmoja wa ramani, na umepigia mstari sehemu moja tu ambayo kila mtu huiimba hata akiwa hajui maneno mengine. Sehemu hiyo ndiyo uti wa mgongo. Kwangu ilikuwa kiitikio cha 1:40.

## Hatua ya 3: Pima kii na mwendo kabla ya kugusa kinanda

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoua kazi nyingi.

Rekodi ya zamani haijafika kwako moja kwa moja. Ilitoka kwenye utepe mkubwa, ikaenda kwenye kaseti, kaseti ikanakiliwa kwa deki nyingine, mtu akaiingiza kwenye kompyuta. Deki moja ikizunguka haraka kidogo tu, wimbo mzima unapanda sauti na kuongeza mwendo kwa pamoja. Sinthesaiza yako haijui hayo. Imetuniwa A ya hezi 440 na haitanyanyuka hapo.

Pima kii. Tafuta sehemu ambayo besi inashika nota ndefu, washa programu ya kutuni, weka simu karibu na spika. Yangu ilisoma G, lakini sindano ilikuwa senti 35 juu. Nusu-sauti moja ina senti 100, kwa hiyo senti 35 ni theluthi ya njia kuelekea G#. Sikio la mtu wa kawaida halitaji jina la kosa hilo. Linakunja uso tu.

Pima mwendo. Chukua saa ya simu. Piga makofi na mdundo mkuu, hesabu mapigo 32, kisha gawanya: 60 mara 32, gawa kwa sekunde ulizopata. Kofi la kwanza lihesabu sifuri. Ukilihesabu moja, umepima mapigo 31 ukidhani ni 32, na jibu lako litakuwa kubwa kuliko ukweli. Nimewahi kulifanya kosa hili na kupoteza Jumapili nzima nikiilaumu kompyuta.

Mimi nilipata sekunde 18.8, yaani mapigo 102 kwa dakika.

Sahihisha. Ndani ya Audacity tumia amri inayobadilisha kasi na sauti kwa pamoja, siyo ile ya mwendo peke yake. Kushuka senti 35 ni kupunguza kasi kwa asilimia 2. Na tazama: mapigo 102 yakipungua asilimia 2 yanakuwa 100 kasoro chembe. G ikatua mahali pake na mwendo ukatua kwenye namba nzima, vyote kwa mkupuo mmoja. Siyo kila wimbo utakufanyia ukarimu huo, lakini ukitokea, ni dalili nzuri kwamba umekisia kosa la deki ipasavyo.

Pima tena katikati. Bendi hizo hazikupiga na metronomu, ile mashine ya kuhesabia mapigo. Zilisikilizana, na zikichangamka zilikimbia. Wimbo wangu ulianza kwenye 100, ukafika 104 kabla ya kiitikio cha pili, na chemko likasimama kwenye 126. Usijaribu kuulazimisha mwendo huo ulingane na gridi ya Reaper, ile mistari yake ya mapigo. Andika tu namba pembeni ya ramani.

Umefaulu ikiwa: unacheza G ndefu kwenye sinthesaiza sambamba na rekodi iliyosahihishwa, na husikii ule mtetemo wa sauti mbili zinazosukumana.

## Hatua ya 4: Amua utakachovunja

Hapa weka hedifoni chini. Hii ni kazi ya kukaa na kufikiri.

Kanuni yangu: shika kitu kimoja, vunja kimoja, vingine viache vifuate. Msikilizaji aliyeujua wimbo kwa miaka 40 anakuja na nakala yake kichwani. Nakala hiyo itaendelea kupiga hata usipoipiga. Ukimwachia nafasi, atajaza mwenyewe. Ukimjazia kila kitu, atalinganisha, na katika kulinganisha utashindwa, kwa sababu ya kwake ina ujana wake ndani.

Tazama mifano michache ya walioliweza:

The Flying Lizards, kundi la David Cunningham, walitoa toleo lao la wimbo wa zamani, "Money", mwaka 1979. Wimbo ule ni wa kupiga kelele za tamaa. Wao walimpa Deborah Evans ausome kama tangazo la stesheni ya treni, na piano wakaitupia vitu ndani ili ilie kama kabati linaloanguka. Maneno na muundo havikuguswa. Kilichovunjwa ni hisia ya sauti, na wimbo ukaingia tano bora za Uingereza.

Devo, kundi la Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, waliuchukua "Satisfaction" wa Rolling Stones na kuliondoa lile gitaa la mwanzo ambalo dunia nzima inalijua. Wakabaki na maneno, juu ya mdundo unaojikwaa kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Telex wa Ubelgiji, mwaka 1979, waliupunguza mwendo "Rock Around the Clock" mpaka ukawa kama wimbo wa watu waliochoka kucheza. Wimbo wa kurukia, hauruki.

Unaona walichofanya? Kila mmoja aligusa kile hasa ambacho wimbo ulijulikana nacho.

Sasa rudi kwenye ramani. Jiulize: watu wanasubiri nini katika wimbo huu? Kwenye dansi jibu mara nyingi ni chemko. Watu wanakaa na bia zao dakika tatu wakisubiri mguu uinuke. Basi nikaamua: kiitikio nitakishika, chemko nitalivunja. Pale ngoma zinapotakiwa kupanda, kila kitu kitakatika, ibaki sauti moja.

Andika uamuzi wako kwa sentensi moja na uubandike ukutani. "Nashika ____. Navunja ____." Ukihitaji sentensi ya pili, hujaamua.

Tahadhari: kuvunja vitatu kwa mara moja ni kuandika wimbo mpya. Siyo dhambi, ila usiuite kwa jina la zamani.

## Hatua ya 5: Imba upya, na imba vibaya kwa makusudi

Zima feni. Zima friji pia ukiweza, na ukumbuke kuiwasha. Samaki hawajui sanaa. Tundika godoro au blanketi nyuma yako wewe unayeimba, siyo nyuma ya maiki peke yake, kwa sababu maiki inasikia ukuta unaoitazama.

Maiki ikae shibiri moja kutoka mdomoni, kidogo pembeni, ili pumzi ya "p" na "b" ipite bila kuigonga. Rekodi kwa biti 24, kiwango cha kilohezi 48. Sindano ya kipimo cha sauti icheze kati ya desibeli -12 na -6. Ikigusa sifuri, rudia; sauti iliyopasuka haina dawa.

Rekodi mara tatu:

1. Kama ya asili, kwa roho yote. Hii hutaitumia. Ni ya kukuonyesha maneno yanaangukia wapi.
2. Kwa kusema, bila melodi, kama unamsomea mtu orodha ya vitu vya dukani.
3. Kwa kunong'ona.

Mara nyingi itakayobaki ni ya pili, na ya tatu ikiwa chini yake kwa mbali.

Sasa jambo ambalo miongozo ya wenzetu haiwezi kukuambia, maana haikuandikwa kwa lugha yetu. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mwimbaji wa zamani aliuheshimu hata alipovuta nota. Wewe ukiisoma vokali kwa ubaridi, au ukiikata vipande vipande, ni rahisi mkazo kuhama. "NaKUpenda" inasikika kama sauti ya mashine ya benki. Kama ndicho ulichotaka, sawa. Kama hukukitaka, linda silabi ile: ukikata, kata baada yake, ukivuta, vuta hiyo.

Na vokoda, ile inayofanya sauti ya roboti? Surge XT inayo ndani yake. Kiswahili kinaipenda, kwa sababu silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, na irabu ndizo inazozipitisha vizuri. Kinachopotea ni "s", "sh", "f" na "ch". Dawa yake: chukua vokali yako kavu, kata kila kilicho chini ya hezi 4,000, kisha ichanganye kidogo sana juu ya ile ya roboti. Maneno yanarudi kama miwani iliyofutwa. Lakini usiikimbilie vokoda kwanza. Kila mtu anaikimbilia.

Umefaulu ikiwa: ukiisikiliza vokali peke yake unaona aibu kidogo. Aibu hiyo ni nzuri, ina maana humwigi mtu.

## Hatua ya 6: Ngoma kutoka jikoni

Vifurushi vya ngoma za kielektroniki vipo vingi vya bure, na vyote vimeshatumika. Gonga sufuria kwa mwiko, mara moja karibu na ukingo, mara moja katikati. Kwaruza kibiriti. Tikisa kopo la mchele. Puliza chupa ya soda ikiwa na maji nusu.

Zipakie kwenye ReaSamplOmatic5000 iliyomo ndani ya Reaper. Sufuria ukiishusha nusu-sauti 12 inakuwa kengele ya kanisani iliyozama baharini. Ukiishusha 24 ni kiki.

Kisha mpe chombo kimoja tu mdundo wa rumba. Gawanya kipimo cha mapigo manne katika hatua 16 na ugonge ya 1, ya 4, ya 7, ya 11 na ya 13. Mguso huo uko kwenye damu ya kila aliyecheza dansi. Hata ukigongwa na chupa tupu, mwili unaujua. Vyombo vingine vinaweza kuwa vichaa vinavyotaka, mradi huyo mmoja hapotei.

Weka mwendo kwenye 100 na uuache hapo.

## Hatua ya 7: Lishone gitaa bila gitaa

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kosa la kawaida ni kuchukua laini ya gitaa la rizimu na kuipiga nzima kwenye sinthesaiza moja. Inatoka kama mlio wa simu za mwaka 2003. Gitaa linapendeza kwa sababu kila waya una tabia yake na vidole havifiki kwa wakati mmoja. Sinthesaiza moja haina vidole.

Fanya hivi. Wimbo wa mfano una kodi tatu (kodi ni nota zinazolia pamoja): G, C na D. Kodi ya G ina nota G, B na D. Fungua treki tatu, kila moja na Surge XT yake. Ya kwanza ipige G tu. Ya pili B tu. Ya tatu D tu. Laini ya gitaa uliyoiandika kwenye daftari igawe: kila nota iende kwenye treki yake, mahali pake pale pale katika zile hatua 16. Kodi ikibadilika, kila treki inahama na nota yake.

Mipangilio ya kuanzia:

- Wimbi la msumeno (sawtooth).
- Kichujio cha kukata juu, kiweke karibu na hezi 900.
- Sauti ianze papo hapo, ifie ndani ya milisekunde 180, isibakie kabisa. Tunataka mguso wa waya, siyo kinanda cha kanisani.
- Treki ya tatu ipandishe senti 8. Umetoka kuhangaika na senti 35, najua. Lakini 8 kwa makusudi ni chumvi. 35 kwa bahati mbaya ni mchanga kwenye wali.
- Ya kwanza ielekee kushoto, ya pili katikati, ya tatu kulia.

Piga. Kwa sekunde chache za kwanza utasikia mashine tatu zisizojuana zikidonyoadonyoa. Halafu, kwa ghafla, sikio linazishona, na gitaa linatokea mahali ambapo halipo. Nilipolisikia mara ya kwanza niligeuka kutazama nyuma.

Sasa anza kulifumua. Kipimo cha nane, ondoa nota mbili kwenye treki ya pili. Cha kumi na mbili, zima treki ya kwanza kabisa. Sikio linaendelea kushona kwa muda, kama jicho linavyoendelea kuona taa baada ya umeme kukatika. Unatafuta mahali linapoacha, na unarudi hatua moja nyuma.

Mwangwi wa kurudia uuhesabu, usiukisie. Pigo moja ni milisekunde 60,000 gawa kwa mwendo. Kwenye 100 ni 600. Robo tatu ya hapo ni 450, na hiyo ndiyo namba ninayoitumia: inaangukia katikati ya mapigo makuu badala ya juu yake.

Besi iache iwe nyepesi. Nota moja kwa kodi, wimbi la duara (sine), basi.

Tahadhari: ukijikuta na treki zaidi ya 15, umerudi kwenye kujaza. Tazama ile sentensi ukutani.

Umefaulu ikiwa: ukizima treki yoyote moja kati ya zile tatu, wimbo unachechemea, ukiiwasha, unatembea.

## Hatua ya 8: Vunja

Fuata ramani ya asili mpaka ukingoni mwa ulichoamua kukivunja. Usianze mapema. Msikilizaji lazima awe ameshaamini kwamba anapelekwa kule anakokujua.

Kwenye wimbo wangu, sekunde mbili kabla ya chemko sufuria inaanza kuongeza kasi kama ngoma za asili zilivyofanya. Treki tatu zinasogea juu. Na pale pale ambapo mguu ungenyanyuka, kimya. Nusu sekunde tupu. Kisha vokali ya kusema, kavu, bila mwangwi hata tone, inarudia mstari wa kwanza wa kiitikio.

Nilijaribu kimya cha sekunde mbili: watu walidhani bando limeisha. Robo sekunde: hawakugundua. Yako utaipata kwa kujaribu, lakini anzia karibu na pigo moja la wimbo.

## Hatua ya 9: Miksi, kwa kifupi

Kata kila kilicho chini ya hezi 100 kwenye treki zote isipokuwa kiki na besi. Bonyeza kitufe cha mono, kinachounganisha kushoto na kulia kuwa sauti moja, na usikilize: kama moja ya zile sinthesaiza tatu imepotea, irudishe katikati kidogo. Spika ya simu nyingi za bei rahisi ni ya mono, na wengi watakusikia humo. Sauti ya jumla ikikaa karibu na LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia) na kilele kisichozidi desibeli -1 inatosha kwa mitandao. Ukiikaza zaidi YouTube na Spotify zitaishusha zenyewe.

Usiuguse siku mbili. Kisha usikilize kwenye simu ya bei rahisi, ndani ya daladala.

## Hatua ya 10: Ruhusa, kabla ya kuuachia

Wimbo una haki mbili. Moja ni ya utunzi: melodi na maneno. Nyingine ni ya rekodi yenyewe. Mara nyingi wenye haki hizo ni watu tofauti. Mtunzi anaweza kuwa marehemu na warithi wake wako Tanga, wakati rekodi iko mikononi mwa kituo cha redio au kampuni.

Kwa kuimba na kupiga upya umeondokana na deni la rekodi. La utunzi liko pale pale, na kwa kuwa umeubadilisha wimbo, hujaurudia tu, unahitaji idhini ya mtunzi au warithi wake. Tanzania anzia COSOTA, Kenya anzia KECOBO; ndizo taasisi za hakimiliki. Usitegemee kwamba hawatajua. YouTube ina mfumo unaotambua melodi, siyo rekodi peke yake.

Na uwe makini na nyimbo ambazo mtunzi wake anagombaniwa. "Malaika", ambao Fadhili William aliurekodi, umeimbwa dunia nzima, na ubishi juu ya nani aliutunga umedumu kuliko maisha ya wabishani. Kwa mazoezi ya chumbani hakuna wimbo bora. Kwa kuuza, utatafuta saini na usijue ya nani.

## Mtihani wa mwisho

Yule mtu uliyemwandika kwenye orodha ya vifaa, sasa ndiyo zamu yake. Usimwambie ni wimbo gani. Usimtazame usoni, tazama mikono.

Mimi nilimpelekea mama mkubwa. Alikuwa ua wa nyuma, anachambua mchele kwenye ungo. Nikaweka simu juu ya ndoo iliyofunikwa, nikabonyeza, nikajifanya nafunga viatu. Zile sinthesaiza zikaanza kudonyoa. Akaendelea kuchambua. Sufuria ikaingia, akasema, "Nani anagonga vyombo?" Ikaja vokali ya kusema, vidole vikapungua. Kufika kiitikio, ungo ulikuwa umetulia magotini.

Ikaja nusu sekunde ya kimya, na vokali kavu. Mama mkubwa, bila kuinua kichwa, akaingia na sauti ya pili, ile ya chini, ambayo mimi sikuirekodi kabisa. Aliimba mstari wote. Kisha akanitazama.

"Mwanangu, hii mmeiharibu," akasema. "Hebu rudisha mwanzo."

Nikarudisha.